Miji ya "maisha ya polepole" haijapiga marufuku magari wala intaneti

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu: eti Ulaya kuna miji iliyoamua kuishi polepole, ikafukuza magari, ikazima intaneti, na mkazi anayekimbilia kazi anatozwa faini.

Si kweli. Mpango wenyewe, uitwao Cittaslow, ulianzia Italia mwaka 1999, na mji unajiunga kwa hiari. Sharti moja ni kwamba wakazi wasizidi 50,000. Baada ya hapo mji hupimwa kwa mambo ya kawaida kabisa: hewa safi, njia za baiskeli, taka, wakulima na mafundi wa hapohapo. Na intaneti ya kasi, ndiyo, imo kwenye vigezo! Hakuna kigezo cha kumwadhibu mtu mwenye haraka zake.

Chukua Aylsham, mji wa soko huko Norfolk, Uingereza, uliojiunga mwaka 2004. Fungua ramani yenye picha za mitaa, utafute uwanja wake wa soko. Utaona magari yameegeshwa.

Mkanganyiko unaeleweka. Miji mingi ya Italia huzuia magari ya wageni katikati ya mji mkongwe, na anayeingia bila kibali hupigwa faini kweli. Lakini Roma nayo inafanya hivyo, na Roma ina mamilioni ya watu. Mtu akipiga picha ya kibao cha katazo hilo, hadithi inajitunga yenyewe.

Ukiupata tena ujumbe huo, usiusambaze. Muulize aliyeutuma ni mji gani hasa, kisha mwangalie ramani pamoja.