Dawa ya injini haioteshi ringi

Jana tena. Mzee mmoja kaingia na Toyota Opa yake, mkononi kashika chupa mbili za dawa ya kuzuia moshi, kanikabidhi kabla hata sijafungua boneti. "Fundi, niwekee hizi, nimeambiwa injini inarudi kama mpya." Wiki hii huyo ni wa nne. Nikamwambia shikamoo mzee wangu, hizo chupa ziweke hapo pembeni kwanza, tuangalie stiki ya kupimia oili. Stiki kavu, ncha tu ndo ina unyevu mweusi. Tulipoimwaga ikatoka oili isiyofika lita mbili, kwenye injini ya 1ZZ inayotaka lita 3.7, na ametoka nayo Morogoro hivohivo akijua tatizo lake ni dawa tu.

Sasa leo naandika, maana kulirudia kwa mdomo kila siku nimechoka.

Dawa nyingi za moshi zinazouzwa madukani ni mafuta mazito sana yenye polima (minyororo mirefu ya kemikali inayotia uzito), ndo maana ukimimina inashuka taratibu kama asali. Ukichanganya na oili ya 5W-30 unapata kitu kinachokaribia uzito wa 40 au hata 50, oili nzito haipenyi kirahisi kwenye ringi zilizochoka, zile pete za pistoni zinazobana silinda, kwahiyo moshi unapungua, tapeti (vidude vinavyosukuma valvu) zinanyamaza, presha ya oili inapanda kidogo. Hayo yote ni kweli na sibishi. Ila hakuna chuma kilichorudi. Ringi mpya ukiipima ndani ya silinda mwanya wake ni kama robo milimita, zile ninazozitoa kwenye injini zinazokula oili nakuta mwanya umefika milimita nzima na kupita, sasa niambie ni kimiminika gani kitakaa hapo kwenye moto, pistoni ikipanda na kushuka mara elfu tatu kwa dakika, mpaka kigeuke chuma. Na polima zenyewe hazidumu. Zinasagwa na kukatwakatwa kadiri injini inavyofanya kazi, uzito unashuka, baada ya wiki kadhaa moshi uleule umerudi na mtu anaenda kununua chupa nyingine akisema ya kwanza ilikuwa feki.

Kuna wale wa "inapaka utando kwenye chuma." Marekani hilo lilishafika kwenye sheria, mwaka 1996 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliwashtaki Slick 50 kwa matangazo yao, ikiwemo lile la kwamba ukiwasha injini asubuhi bila dawa yao chuma kinasagana na chuma, na mwaka 1997 wakamalizana kwa kukubali kuacha madai ambayo hawana ushahidi nayo. Leo karibu miaka thelathini imepita na bado naletewa maneno yaleyale gereji.

Ila linaloniumiza zaidi ni hili lifuatalo, naombeni mnivumilie nilieleze kwa urefu.

Oili unayonunua dukani sio mafuta matupu. Ndani yake kuna sabuni za kuosha injini, mara nyingi za kalsiamu, kuna vitu vya kushikilia masizi yasigande, kuna zinki ya kulinda kemu (shafti inayoendesha valvu) na tapeti pale utando wa oili unapokatika, kuna kizuia povu. Vyote vimepimwa vikae pamoja na mchanganyiko mzima ndo umejaribiwa mpaka ukapewa daraja la API, taasisi ya petroli ya Marekani, yani SN, SP na kadhalika. Chukua sasa injini ya lita 3.7, weka chupa ya mililita 946 ambayo ndani yake ni uzito tu. Robo na ushee ya kilichomo kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) haina sabuni, haina zinki, haina chochote. Na injini gani umeifanyia hivo? Ile ile kongwe, yenye tope jeusi chini ya kava la hedi, yenye kaboni kwenye ringi, yani mgonjwa anayehitaji sabuni kuliko wote ndo unampunguzia! Kwenye 1ZZ za miaka ya mwanzo ni mbaya zaidi, maana pale oili inapungua kwa sababu vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni ni vidogo na vichache, kaboni inaviziba, ringi ya oili inaganda, oili inabaki ukutani kwa silinda inaungua. Dawa yake ni usafi, na wewe umeleta gundi.

Halafu anakuja mtu anasema "lakini fundi, oili nzito inalinda zaidi." Inategemea kaka. Hiyo 30 au 40 ni kipimo cha uzito oili ikiwa nyuzi joto 100, na ile 5W au 10W ni jinsi inavyotembea ikiwa ya baridi. Injini iliyochoka ukiipandisha kutoka 30 kwenda 40, kwa joto la Dar, mimi mwenyewe nafanya na sina wasiwasi, ila nanunua 10W-40 iliyotengenezwa ikiwa 10W-40, yenye sabuni zake kamili na zinki yake kamili, kwa bei ambayo ukijumlisha 5W-30 na chupa yako ya dawa unakuta umelipa zaidi. Kama unataka uzito nunua uzito dukani. Na kama gari inalala Makambako au Njombe, ile baridi ya Juni na Julai, oili ya asali asubuhi inachelewa kufika juu kwenye kemu, na huo muda wa kuchelewa ndo injini inajila.

Moshi nao tuusome kwanza kabla ya kununua chochote. Ukiwasha asubuhi likatoka wingu la bluu halafu likaisha, hizo ni sili za valvu, mipira inayozuia oili isishuke. Ukikanyaga mafuta kupanda Kitonga nyuma kukawa bluu mfululizo, fikiria ringi. Mweusi ni petroli nyingi, mweupe usioisha wakati maji yanapungua ni gasketi ya hedi, na hapo dawa ya oili haina kazi yoyote. Pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kavu, kisha tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena, ikiruka juu ni ringi, ikibaki palepale angalia valvu au gasketi. Hiyo ni nusu saa ya kazi na fundi anayekuambia haina haja, ondoka.

Na valvu ya PCV, ile ya kutolea upepo ndani ya injini! Kikitu kidogo kama kidole, ichomoe uitikise, kama haichezi ndani imeganda. Ikiganda, upepo unaovuja kutoka kwenye ringi hauna pa kupitia, presha inajaa ndani, inasukuma oili kwenye sili na kwenye manifodi. Nimeona gari imeandikiwa kufunguliwa injini nzima kumbe tatizo ni hako. Hakuna chupa inayofungua PCV iliyoganda, nimejaribu.

Sasa na mimi niseme ukweli wangu wote. Zipo dawa ninazoweka. Za kulainisha sili zinafanya kazi, zile zinazovimbisha mpira uliokauka, kwa mvujo mdogo wa sili ya krenki au sili za valvu zilizoanza kukakamaa, siahidi ila mara nyingi matone yanapungua, na kushusha gia boksi kwa ajili ya sili moja ni kazi kubwa kwa mtu asiye na hela mwezi huu. Kwa injini za zamani za tapeti bapa, kama 2F ya Land Cruiser, hoja ya kuongeza zinki ina msingi, maana oili nyepesi za petroli toka daraja la SM la 2004 zilipunguziwa fosforasi, inayokuja pamoja na hiyo zinki, isiue masega ya kusafisha moshi kwenye eksozi, ingawa mimi hizo naziwekea 15W-40 ya dizeli basi. Na ringi zilizoganda nimewahi kuzilowesha kwa kimiminika cha kuondoa kaboni, kupitia tundu za plagi, nikalaza gari usiku kucha. Gari tatu. Moja ilipona kabisa, moja ilipungua kidogo, moja sikuona tofauti. Lakini zote tatu niliziwekea na oili mpya na filta mpya siku hiyohiyo, kwahiyo nikisema kimiminika ndo kiliponya ile moja nitakuwa nakudanganya, inawezekana ni oili safi tu baada ya miaka ya uchafu. Hilo linanisumbua mpaka leo na bado nawafanyia watu, nikiwaambia hivihivi.

Kuosha injini kwa dizeli au hizo dawa za kuosha za dakika tano, kwenye injini yenye tope jingi usifanye. Tope linabanduka mapande linaenda kuziba chujio la pampu kwenye sampo, taa ya oili inawaka, injini inanoki. Bora umwage oili mapema mara mbili tatu, kila kilomita 2,000, sabuni ya oili yenyewe iliondoe tope taratibu.

Na wanaonunua gari mkononi kwa mtu, fika asubuhi injini ikiwa ya baridi, ukute imepashwa moto rudi kesho. Chomoa stiki, sugua oili kwa vidole. Ikivutika kama ute wa bamia ujue kuna chupa imeingia humo juzi, na mwenye gari anajua kwa nini.

Kula oili peke yake sio kifo jamani. Toyota wenyewe, kwenye kupima injini zao za 2AZ zilizolalamikiwa kula oili, mstari waliouweka ni kama lita moja kwa kilomita 1,900 hivi. Injini inayokula nusu lita kwa kilomita elfu moja na mwenye nayo anaangalia stiki kila Jumamosi itatembea miaka, na ile inayokula kidogo lakini haifunguliwi boneti mpaka taa iwake itakufa njiani Chalinze.

Ya mzee tulikuta PCV imeganda na sili za valvu ngumu kama plastiki, kompresheni imeshuka kidogo ila silinda zote nne zinalingana. Nimembadilishia PCV, nimemuwekea 10W-40, sili tunasubiri pensheni yake. Chupa zake nimemrudishia, duka limekubali kuzibadilisha kwa oili lita mbili za kuongezea. Nimempa daftari aandike kilomita kila anapoongeza, na Jumamosi ijayo analeta tuone inakula kiasi gani sasa.