Kilo Kumi za Nani?

Jumatatu ndiyo siku yetu ya foleni ndefu hapa kliniki ya watoto. Kufikia saa mbili asubuhi benchi zimejaa, watoto wamefungwa shali, na kina mama wameshaanza kuulizana. "Wako ana miezi mingapi? Ana kilo ngapi?" Swali hilo la pili huleta machozi kuliko sindano. Mama akifika mezani kwangu amekunja uso, najua kuna mtu aliyesema kitu huko kwenye benchi.

Juzi aliingia mama mmoja kutoka mtaa wa Kayole na binti wa miezi 18, aliyekuja kwa chanjo ya pili ya surua. Mizani ilikuwa imesoma 9.9. Mvulana wa jirani yake, wa umri uleule, alikuwa na 10.2.

"Daktari, huyu wangu anaisha. Mwaka wa kwanza aliongeza karibu kilo sita. Tangu afikishe mwaka, miezi sita yote, ni kilo moja tu. Shosho yake anasema namnyima chakula."

Mimi si daktari, ni mtaalamu wa lishe, lakini nilishachoka kusahihisha. Nikaomba kijitabu cha kliniki. Alizaliwa na 3.0, akawa na 8.0 miezi tisa, 8.8 alipofikisha mwaka. Namba zote zipo, kila moja na mwandiko wa nesi wake. Lakini ukurasa wa grafu, ule wa mistari iliyopinda, ulikuwa mtupu tangu mwezi wa tano. Hilo naliona kila wiki na lawama ni yetu wahudumu. Tunapima, tunaandika, tunaita "mwingine!" Kuweka nukta ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo tunayoiruka foleni ikizidi.

Nikachukua biro nikaziweka nukta zote mbele ya mama. Zikajipanga chini kidogo ya mstari wa kati, zikifuata mpindo wake. Kwa msichana wa miezi 18, mstari wa kati unapita kwenye 10.2, na ule mwekundu wa chini, unaotufanya tuanze kuhangaika, uko 8.1. Huyu ana 9.9, na amekuwa akishika njia yake mwenyewe tangu miezi tisa. Hana shida yoyote.

Hiyo kilo moja iliyomtisha mama ni hesabu ya kawaida. Mtoto huzidisha uzito wa kuzaliwa takriban mara tatu katika mwaka wa kwanza, kisha mwaka wa pili mzima anaongeza kama kilo mbili na nusu. Binti huyu angeendelea na ile kasi ya awali, angeingia PP1, darasa la chekechea, akiwa na miaka minne na karibu kilo 26, uzito wa mtoto wa gredi ya tatu! Mwili ukipunguza kasi, hamu ya kula nayo hupungua. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa akimaliza bakuli sasa anakula vijiko vinne, anashuka kitini na kukimbilia mlangoni. Mama anaona mgonjwa. Mimi naona mtoto wa mwaka mmoja na nusu.

Kisha nikamwomba yule jirani anionyeshe kijitabu cha mvulana wake. Alikuja akicheka, maana wake ndiye aliyeshinda kwenye benchi. Mwaka mmoja: 10.2. Miezi 15: 10.3. Miezi 18: 10.2. Kwenye grafu ya wavulana, nukta ya kwanza ilikaa juu ya mstari wa kati, ya pili kwenye mstari wenyewe, ya tatu chini yake. Miezi sita bila kuongeza chochote. Utepe wa mkono, ule wa kupima unene wa mkono wa juu, ulisoma kijani, na ukimtazama tu ungesema ni mtoto wa afya. Kati ya hao wawili, huyu mwenye kilo nyingi ndiye niliyembakisha.

Ukimleta mtoto kliniki, basi, ukiambiwa "ana kilo kumi" usiondoke. Uliza mstari wake umetoka wapi. Mstari unaopanda sambamba na wenzake, hata ukiwa wa chini, mara nyingi ni mtoto mdogo kwa asili, pengine wazazi wake nao ni wadogo. Mstari uliolala, au unaokata wengine kwenda chini, una sababu, na sababu hutafutwa.

Ya mvulana haikuwa mbali. Mama alirudi kazini mtoto alipofikisha mwaka, akamwacha kwa jirani anayelea watoto tisa. Amehara mara mbili, kila mara karibu wiki nzima. Asubuhi anaondoka na chupa ya uji na pakiti ya juisi, jioni anapewa chai na mandazi kwa sababu "chakula anakataa". Bila shaka anakataa, tumbo limejaa maji yenye sukari.

Hapo kwenye uji nikae kidogo. Hapa Nairobi kuna imani kwamba uji ukichanganywa vitu kumi ndio wenye nguvu: wimbi, mtama, soya, njugu, omena, vyote vikasagwa pamoja posho mill. Mimi siupendi. Soya na maharagwe huhitaji kuiva muda mrefu kuliko unga wa wimbi, njugu zilizokaa vibaya huingia na sumu ya ukungu, na omena ndani ya uji humfanya mtoto auchukie uji na omena pia. Tena ukiupika mwepesi upite kwenye chupa, kikombe kizima kinabaki maji. Tumia unga wa nafaka moja au mbili, upike mzito ushikwe na kijiko, kisha ongeza maziwa au kijiko cha siagi ya njugu. Omena ipondwe kando, ichanganywe na ugali na mboga. Yai, maini, ndengu zilizopondwa, viazi vitamu, parachichi: vyote viko sokoni. Umri huu anahitaji milo mitatu au minne na kitu kidogo katikati mara moja au mbili, na kunyonya hadi miaka miwili. Chai iondoke, inazuia madini ya chuma. Na usimfukuze na kijiko nyumba nzima. Kazi yako ni kuweka chakula kizuri mbele yake kwa saa zake; kiasi atakachokula mwachie.

Dawa ya hamu ya kula inayouzwa dukani bila kuulizwa swali, mara nyingi ni siproheptadini, dawa ya mzio. Itamfanya asinzie. Haitamtoa minyoo wala kumwondoa kwenye juisi.

Wengine huniambia grafu hizi ni za watoto wa Wazungu. Zilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 baada ya kupima watoto wa nchi sita: Ghana, India, Oman, Brazil, Norway na Marekani. Wakinyonyeshwa na kutunzwa vizuri, walikua karibu sawa kote.

Grafu yenyewe pia hudanganywa. Nepi iliyolowa, sweta mbili, mtoto anayepiga mateke huku mizani inaning'inia, yote huonekana kwenye namba. Kosa langu mwenyewe lilikuwa baya zaidi. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilihesabu vibaya miezi ya mvulana wa kilo 9.1, nikaweka nukta kwenye miezi 21 badala ya 15. Ikaangukia chini ya mstari mwekundu. Mama yake alilia mbele yangu, na mtoto alikuwa salama kabisa. Siku hizi nahesabu miezi kwa vidole, mama akinisikia.

Upande wa pili upo pia, mtoto bonge anayesifiwa kwenye matatu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 3 ya watoto wa chini ya miaka mitano Kenya wana uzito uliozidi, na asilimia 18 wamedumaa kimo. Ndiyo maana napima urefu kila mara. Kilo peke yake haiwezi kumtenga mfupi mnene na mrefu mwembamba.

Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona miguu yote miwili imevimba na kidole kikibonyeza kinaacha shimo, utepe wa mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5, mtoto akikataa hata kunyonya, au akiwa mlegevu na hataki kucheza. Miguu ikivimba, kilo zinaweza hata kupanda.

Mvulana alirudi baada ya miezi miwili, bila chupa, na 10.8. Nikampa mama biro aweke nukta mwenyewe. Akaiweka kwenye 11.8. Nikamwonyesha, akacheka, tukaifuta tukaishusha.