Kilowati si uniti

Jumamosi niliitwa kwenye nyumba moja mtaa wa Sakina. Mama mwenye nyumba alikuwa ameizima hita ya bafuni tangu Juni, watu wanachemsha maji ya kuoga kwenye mkaa na baridi hii ya Arusha, na bado LUKU, umeme wa kulipia kabla, inaisha upesi. "Fundi, hita imeandikwa wati 5000. Si ndiye mwizi?"

Tukazima kila kitu, tukaenda kwenye mita. Ina kitaa chekundu, kando yake imeandikwa 1000 imp/kWh: kikipepesa mara 1000, uniti moja imekwenda. Nikawasha hita kidogo. Kitaa kikapepesa mbio, zaidi ya mara moja kwa sekunde. Nikaizima, nikawasha taa nne za nje, balbu za kizamani za wati 60. Tukangoja. Sekunde 15 ndipo kikapepesa.

Kasi ya kupepesa ndiyo nguvu, nayo hupimwa kwa wati. Hesabu ya mipepeso yote tangu asubuhi ndiyo nishati, na hiyo ndiyo unayonunua. Watu wawili wakioga dakika 10 kila mmoja, hita inakula uniti 1.67. Taa zile nne, tangu saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, zinakula 2.88. Mama akaziangalia. "Kumbe ni hizi!" Balbu za LED za wati 9 zingemaliza usiku huohuo kwa uniti 0.43.

Lugha yetu nayo inachangia kutupoteza, na hili linanikera kweli. Hata mafundi husema "kilowati kwa saa". Kilomita kwa saa ni mwendo: unagawanya. Uniti ni kilowati, yaani wati 1000, mara saa: unazidisha. Tuseme kilowati-saa. Muda umeshaingia ndani ya wati yenyewe, maana wati moja ni jouli moja (kipimo cha nishati) kila sekunde. Ndiyo sababu uniti moja, wati 1000 kwa sekunde 3600, ni jouli milioni 3.6.

Ila msidhani nguvu ni ya kupuuzwa. Waya haujali umeoga kwa muda gani, unajali kasi. Wati 5000 kwenye volti 230 ni kama ampia 22, na nilipofungua swichi ya hita nikakuta waya wa 1.5 mm², mwembamba mno kwa hita, umeungwa kutoka kwenye laini ya taa. Plastiki yake ilikwisha kuwa ya kahawia. Nikaukata palepale, nikamwomba mama avumilie mkaa siku mbili zaidi, nirudi na waya wa 6 mm² na breka yake peke yake.