Shokomzoba, na maana ya "imekufa"

Mwenye gari kuukuu hapa Pemba hakosi siku ya kuambiwa na fundi, "Shokomzoba zimekufa." Wengine huziita shokapu. Jina limetoka kwenye Kiingereza, likimaanisha kinyonya mshtuko, na hilo ndilo linalotupoteza. Tunadhani ndiyo inayobeba gari na kupokea kishindo cha shimo. Sivyo. Uzito unabebwa na springi, na kishindo kinapokewa na springi. Taabu ya springi ni kwamba ukishaiminya haijui kutulia. Hupanda na kushuka, tena na tena. Shokomzoba imewekwa kuituliza.

Ndani yake mna silinda ya oili na pistoni yenye vitundu vidogo, imefungwa kwenye rodi. Gari ikidunda, oili hulazimika kupita kwenye vitundu vile, nayo hupita kwa shida. Nguvu ya mdundo hugeuka joto: simama baada ya barabara mbovu uiguse, utaikuta ina moto. Sili ya rodi ikichakaa oili huvuja, na pistoni haina tena cha kushindana nacho. Hiyo ndiyo shokomzoba iliyokufa, hata kama kwa nje chuma ni kizima.

Utaijua kwa gari kuendelea kunesa baada ya tuta, pua kuzama ukifunga breki, na tairi kulika mabaka mabaka. Yangu aliigundua ami yangu, nyumbani Wete. Aliegemea pembe ya nyuma ya gari yangu, Suzuki Escudo, akaiminya kwa uzito wake wote, akaiachia. Ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka.

"Mwanangu, nzima hupanda mara moja ikatulia," akaniambia.

Tukachungulia chini: oili nyeusi imegandamana na vumbi.

Za nyuma tulibadilisha wenyewe, kwa kuwa kwenye Escudo ile ya zamani shokomzoba ya nyuma imekaa mbali na springi. Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu, si ajabu kwa gari inayokaa karibu na bahari. Tulizimwagia mafuta ya kulegeza tangu jioni, asubuhi zikakubali. Gari isimame juu ya stendi, usiiamini jeki peke yake. Ekseli, ule mhimili unaounganisha magurudumu mawili ya nyuma, nayo iwekewe jeki yake, maana shokomzoba ndiyo inayoizuia isishuke mno. Ukifungua shokomzoba bila kuishikilia ekseli, springi huweza kuchomoka. Bolti zinazopita kwenye bushi za mpira tulizikaza mwisho kabisa, gari imeshakaa chini kwa uzito wake. Ukizikaza ikiwa juu, mpira hubaki umejipinda na hupasuka mapema. Na hainunuliwi moja: ekseli moja, mbili mpya.

Za mbele ni habari nyengine. Kwenye gari nyingi ndogo zimevikwa springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa, na ukifungua nati ya juu bila kibanio chake inaruka, inaweza kuua mtu. Hizo nawaachia mafundi wenye kibanio, na ninamwomba kila mwenye spana nyumbani afanye hivyo hivyo.

Tulipomaliza, ami alinipa ile kuukuu niisukume. Rodi ilizama kwa mkono mmoja, laini, kama haina kitu ndani. Ile mpya, kabla hatujaifunga, nilikuwa nimeilalia kwa kifua ndipo ikaanza kushuka, pole pole.