Mkopo Unalipa Wewe, Hatimiliki Ina Jina la Nani?

Mwaka 2004 wataalamu wawili wa uchumi nchini Marekani, Annamaria Lusardi na Olivia Mitchell, walianza kuwauliza watu maswali matatu mafupi: moja la riba, moja la mfumuko wa bei, na moja la hatari ya kuweka pesa zote katika hisa za kampuni moja. Tangu hapo maswali hayo yameulizwa katika nchi nyingi, na mara nyingi wanawake hupata alama za chini kuliko wanaume. Lakini ukitazama majibu yenyewe utaona kwamba wanawake husema "sijui" mara nyingi zaidi. Watafiti walipoondoa chaguo hilo kwa waliohojiwa Uholanzi, wanawake wengi walitoa jibu sahihi. Takriban thuluthi moja ya pengo ilionekana kutokana na kutojiamini.

Anayefahamu soko la Kibuye au ufuo wa Dunga, mjini Kisumu nchini Kenya, hawezi kushangaa. Mama anayenunua omena (dagaa) kwa gunia na kuiuza kwa gorogoro, yaani kopo la kupimia, hukokotoa usafiri, hasara ya mvua na faida akiwa bado anajadiliana bei. Mama huyohuyo, akiwekewa fomu ya mkopo mezani, huuliza tu, "Nisaini wapi?" Hapo ndipo pesa hupotea.

Tuchukue mkopo wa shilingi 10,000. Mkopo wa simu wa siku 30 wenye ada ya asilimia 7.5 utakugharimu 750. Inaonekana kidogo, hadi uulipe na kuukopa tena kila mwezi: kwa mwaka umetoa 9,000 kwa mtaji uleule. Sacco, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, inayotoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, ukirudisha kwa mafungu 12 sawa, itakudai riba ya 100 mwezi wa kwanza, kama 92 wa pili, na kama 8 mwezi wa mwisho. Jumla ya mwaka mzima ni 650, chini ya ada ya mwezi mmoja ya ule mkopo wa simu. Lakini kama asilimia hiyo hiyo 1 inahesabiwa kila mwezi juu ya kiasi cha mwanzo, jumla inapanda hadi 1,200. Kwa hiyo usiishie kuuliza riba ni asilimia ngapi. Uliza: "Nikimaliza kulipa, nitakuwa nimetoa shilingi ngapi kwa jumla, pamoja na bima na ada zote?" Jibu liandikwe, na usisaini kabla ya kulisoma.

Hazina ya Hasla (Hustler Fund), mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka, yaani kama shilingi 31 kwa 10,000 katika siku 14. Ni nafuu, ila asilimia 5 ya mkopo huwekwa kando kama akiba, hivyo mkononi unapata 9,500, na wiki mbili hazitoshi kwa bidhaa inayochelewa kuuzika.

Suala la pili ni gumu zaidi, na kwa maoni yetu lina uzito kuliko riba. Katika nyumba nyingi mume hulipia kiwanja na mabati, mke hununua unga, sare za shule na dawa. Wote wawili wametoa pesa, lakini za mke zimeliwa na kuvaliwa, na risiti zote zilizobaki zina jina la mume. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua mchango usio wa fedha: kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia, kulima shamba. Hata hivyo, mapema mwaka 2023 Mahakama ya Upeo ilisema kwamba usawa katika ndoa haumaanishi mali kugawanywa nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila upande uthibitishe mchango wake. Bila ushahidi, mengi yatabaki maneno ya mdomo.

Basi badilisheni zamu inapowezekana: mwezi huu mke alipe fundi au saruji kutoka laini yake mwenyewe. Taarifa ya M-Pesa huombwa kupitia *334# na kutumwa kwa barua pepe. Iombe mara kwa mara na uihifadhi. Mkinunua ardhi pamoja, amueni aina ya umiliki kabla ya kusajili. Katika umiliki wa pamoja, mmoja akifariki mali inabaki kwa aliye hai. Katika umiliki wa hisa, sehemu ya marehemu inaingia kwenye mirathi. Sheria hiyohiyo ya 2013 pia inazuia mali ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili, kwa hiyo ukiletewa karatasi ya idhini, isome kama unavyosoma mkopo.

Chama, yaani kikundi cha kuweka akiba pamoja, nacho kinasaidia, mradi pesa zisikae kwenye simu ya mtu mmoja. Fungueni akaunti ya watia saini watatu, na daftari lisomwe kwa sauti kila mkutano.

Mwisho, fomu ya mrithi katika sacco. Wengi waliijaza siku ya kujiunga, kabla ya ndoa au watoto, na bado ina jina la ndugu wa zamani zile. Omba kuiona. Kama mrithi ni mtoto aliye chini ya miaka 18, uliza jina la mlezi mtu mzima huandikwa wapi. Nenda na kitambulisho chako na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto.