Tumbaku isiyoungua: mbona moyo hauoni nafuu kubwa?

Mwaka 2014, Nagoya kule Japani na Milan kule Italia, kilianza kuuzwa kifaa kinachotoshea kiganjani kiitwacho IQOS. Ni mali ya kampuni ya Philip Morris, wale wale wa sigara za Marlboro. Unachomeka kijiti cha tumbaku, unasubiri kipate joto, unavuta. Hakuna kiberiti wala majivu. Usikichanganye na vepu, ambayo huchemsha majimaji yenye nikotini. Humu mna tumbaku yenyewe, ila inapashwa tu, haiwashwi.

Sigara ikivutwa, ncha yake hufikia takriban nyuzi 900 za Selsiasi. Kifaa hiki huishia karibu 350. Tofauti hiyo si porojo za wauzaji. Kitu kikiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani huku madirisha yamefungwa. Gesi hii hung'ang'ania hemoglobini, kibebaji cha oksijeni katika damu, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, na mvutaji sigara hutembea nayo mwilini kutwa. Akihamia kabisa kwenye tumbaku ya kupashwa, gesi hiyo hushuka sana, pamoja na kemikali kadhaa zinazosababisha saratani. Hapo kampuni inasema kweli.

Haisemi yote, hata hivyo. Katika takwimu zake yenyewe zilizopelekwa kwa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kemikali 113 zililinganishwa. Kati ya hizo, 56 zilikuwa nyingi zaidi kwenye mvuke wa IQOS kuliko kwenye moshi wa sigara, na 22 zilizidi maradufu.

Sasa tuje kwenye moyo. Saratani ya mapafu huenda na hesabu: miaka mingi na sigara nyingi, hatari kubwa. Moyo hauna hesabu hiyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mwenye kuvuta 20. Umepunguza sigara 19, lakini hatari umeipunguza nusu tu! Binafsi, hii ndiyo namba ninayotamani kila mvutaji aijue.

Sababu iko ndani ya mishipa ya damu. Kuta zake kwa ndani zimetandwa utando mwembamba wenye unene wa seli moja tu. Damu ikipita kwa kasi, utando huo hutoa nitriki oksaidi, na mshipa unalegea na kupanuka. Utando huo ni mwepesi kudhurika. Dozi ndogo ya moshi yatosha kuuvuruga. Mshipa ukishindwa kupanuka, mafuta hupata pa kujishika na damu huganda kirahisi. Nikotini nayo huamsha adrenalini, mapigo yakaenda mbio na shinikizo likapanda, iwe imetoka kwenye moto au kwenye kifaa cha betri.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwavutisha panya mvuke wa IQOS kwa dakika zisizozidi 5. Uwezo wa mishipa kupanuka ulishuka kwa zaidi ya nusu, karibu sawasawa na panya waliopewa moshi wa sigara. Panya si watu, najua. Ila Stanton Glantz wa chuo hicho hicho alipopitia vipimo vya Wamarekani vilivyofanywa na kampuni yenyewe, vikiwemo vya uvimbe wa ndani unaotokana na mwili kujihami na vya mafuta kwenye damu, alikuta vipimo 23 kati ya 24 havionyeshi tofauti ya kueleweka kati ya waliohamia IQOS na waliobaki na sigara.

Mapafu nayo hayajasalimika. Mwaka 2016 madaktari wa Japani walieleza kisa cha kijana wa miaka 20 aliyepata nimonia kali ya ghafla baada ya kuongeza matumizi ya tumbaku ya kupashwa. Kisa kimoja hakithibitishi jambo, bali kinaonyesha kwamba mvuke huu si hewa safi. Maradhi yanayochukua miaka 20 au 30 kujitokeza hayawezi kuonekana kwenye bidhaa ya mwaka 2014, na majaribio mengi ya kulinganisha yalidumu wiki au miezi michache tu, kwa fedha za kampuni za tumbaku.

Julai 2020 FDA iliiruhusu kampuni kutangaza kwamba mvutaji anayehama kabisa hupokea kemikali chache zaidi. Ombi la kutangaza kwamba hatari ya magonjwa inapungua lilikataliwa.

Na neno "kabisa" lina uzito. Watumiaji wengi huweka kifaa mfuko mmoja na pakiti ya sigara mfuko wa pili: ofisini kifaa, jioni na marafiki sigara mbili tatu. Kwa moyo, hizo mbili tatu ndizo zenye gharama kubwa kuliko zote.