Eti hawajui wanachotaka

Kuna sentensi nimeisikia mpaka nimeizoea, kwamba digrii yetu, hii ya sayansi za jamii inayochanganya fani kadhaa, ni ya watu ambao hawajajua wanataka nini. Walimu wenzangu wa idara zingine wanaisema tukiwa kwenye chai huku wanacheka, wazazi wanaisema kwa adabu zaidi, wanauliza tu "sasa akimaliza ataitwa nani?" Maana aliyesoma sheria ataitwa mwanasheria, wa uhasibu mhasibu, huyu wetu aliyeonja uchumi, siasa, sosholojia, saikolojia na takwimu humo humo ataitwa nani. Swali la haki kabisa, ntalirudia.

Mi nafundisha digrii mtambuka ya sayansi za jamii na kila msimu wa udahili nakaa kwenye usaili, kwa hiyo sababu za waombaji nazipata zikiwa bado mbichi, hawajajifunza kuzipamba. Tuanze na ile ambayo hakuna anayeiandika kwenye barua ya maombi: hesabu. Wapo wanaopenda uchumi ila wameogopa kalkulasi wakaona huku kuna unafuu, halafu muhula wa pili anakutana na takwimu, sampuli, rigresheni (kupima kwa namba jambo moja linavyofuatana na jingine), anabaki ameduwaa. Karuka majivu kakanyaga moto. Wengine ni mapatano ya nyumbani, mzazi anataka sheria, mtoto anataka saikolojia, wanakutana katikati. Na wengine kweli hawajaamua, ila mtu wa miaka 18 au 19 kutokuamua mi sioni kosa liko wapi, kosa ni kumlazimisha aigize kwamba ameamua.

Lakini kundi kubwa, na ndo ninalolifundisha kwa raha, ni la wale waliokuja na swali ambalo limekataa kukaa kwenye idara moja. Nampa kila mwombaji mfano uleule wa kliniki. Kliniki ipo, huduma ni bure, dawa zipo, na watu hawaji. Kwa nini?

Ukimpa mwanauchumi swali hili atakwambia bure siyo bure, mtu akikaa foleni asubuhi nzima kapoteza kipato cha siku, sawa. Mtu wa saikolojia atasema kuna hofu, mtu anaogopa majibu kuliko anavyoogopa ugonjwa wenyewe. Wa sosholojia anauliza nani ana sauti pale nyumbani, mke anatoka kwa ruhusa ya nani, wa siasa anataka kujua nani aliamua kliniki ijengwe pale na siyo kule, na wa historia anakumbusha kwamba labda kuna kampeni ilikuja zamani ikawatendea watu vibaya na wajukuu bado wanasimuliwa. Wote wako sahihi, hapo ndo pagumu, sababu ukimsikiliza mmoja tu utapunguza foleni wakati tatizo ni ruhusa, au utabandika mabango ya elimu kwa watu wanaojua kila kitu ila hawana nauli.

Nilisoma uchumi mtupu mimi, chuo sikitaji jina. Siku moja nikauliza darasani mbona kwenye modeli yetu kaya nzima inaamua kama mtu mmoja wakati kwetu sote tunajua ndani ya nyumba kuna mvutano, mwalimu akanijibu "hilo siyo swali letu". Hakunikaripia, alisema kwa upole kabisa, na ule upole ndo ulioniudhi.

Kinachochekesha ni kwamba hizi kuta zenyewe si za zamani hivyo. Adam Smith, ambaye wanauchumi wanamuita baba yao, pale chuo cha Glasgow, Scotland, alikuwa profesa wa falsafa ya maadili. Max Weber, msomi wa Ujerumani, alianzia sheria akaingia uchumi, leo wanasosholojia wanamdai ni wao. Marekani chama cha wanauchumi kimeanzishwa 1885, cha sayansi ya siasa 1903, cha sosholojia 1905, yaani watu waligawana mashamba juzi tu halafu wajukuu wanadhani mipaka ilichorwa na Mungu. Na kuchanganya nako si mtindo wa vijana wa sasa, chuo cha Oxford, Uingereza, walianza kufundisha falsafa, siasa na uchumi kwenye digrii moja tangu 1920.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Elinor Ostrom, msomi wa Marekani. Alitaka kusoma shahada ya uzamivu (PhD) ya uchumi akakwama kwa sababu hakuwa na hesabu za kutosha, akaenda sayansi ya siasa, tasnifu yake ikahusu maji ya chini ya ardhi kusini mwa California, jinsi wenye visima walivyokaa wakapatana wasiyamalize. Baadaye akafuatilia watu wanaotumia kwa pamoja misitu, mifereji na maeneo ya uvuvi, akaonyesha kwamba mara nyingi wanaweza kujitungia sheria zao na kuzisimamia bila kuisubiri serikali wala tajiri anunue kila kitu. Mwaka 2009 akapewa Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata. Ya uchumi!

Ila nisiuze mbuzi kwenye gunia. Udhaifu wa digrii hii naujua kwa sababu nasahihisha mitihani yake. Unakuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu ana msamiati wa fani tano na hana hata njia moja ya kupata jibu, akiandika insha inang'aa, ukimuuliza "umejuaje?" kimya. Kwa hiyo nawaambia mapema, maswali changanya utakavyo ila chagua njia moja uishike mpaka ikuzoee, iwe takwimu, iwe mahojiano, iwe kukaa na watu na kuangalia, iwe nyaraka za zamani. Na ukitaka kazi ambayo sheria inadai leseni, kama uhasibu au uwakili, nenda moja kwa moja huko usinipotezee muda wala ada ya watu.

Sasa ataitwa nani? Kusema kweli ataitwa jina la kazi atakayoipata. Wanafunzi wangu wa zamani wapo kwenye utafiti, sera, uandishi wa habari, mashirika, rasilimali watu, mmoja yuko kwenye kampuni ya programu, kazi yake ni kujua kwa nini watu wanafungua akaunti halafu hawarudi, ambalo ukiliangalia ni swali la kliniki lilelile limevaa suti. Wazazi jibu hili hawalipendi, nawaelewa.

Swali langu la mwisho kwenye usaili huwa ni hili, ukipewa wiki moja, daftari na ile kliniki isiyo na wagonjwa, unaanzia wapi? Wengi wanasema dodoso, wachache wanasema watakaa na wauguzi. Msimu uliopita binti mmoja, barua yake ilikuwa ya kawaida tu, akafikiri kidogo akasema, "Mwalimu, mi ningeanza na mlinzi wa getini, maana yeye anawaona wanaofika pale halafu wanageuza." Nikaandika alama zake kabla hajamaliza.